Kaka, Ndugu au Bwana: Barua za Mahasimu na Uzito wa Neno la Kwanza



Katika ukumbi huu tumekwisha kujadili mara nyingi malumbano ya washairi: nani alimshinda nani, kina kipi kiliteleza, mizani ipi ilipelea. Tumeyazoea malumbano kama mchezo wa watu wenye ndimi kali. Leo napenda tuyatazame kwa upande mwingine. Zamani malumbano yalikuwa pia kazi ya ubalozi. Miji iliyotishana kwa mikuki na mizinga iliandikiana kwanza, na aliyepewa kalamu alijua kwamba neno moja likikosewa, hasa neno la kumwita mwenzake, watu wangekufa. Sababu ya kulileta jambo hili ni ya kinyumbani, nami nitaifikia. Kwanza twende mbali, kisha turudi taratibu.

Mbali huko ni China, yapata miaka elfu moja iliyopita. Kusini palikuwa na dola ya Song, yenye miji mikubwa, mashamba ya mpunga na wasomi wasiohesabika. Kaskazini palikuwa na dola ya Liao, iliyoasisiwa na watu wa Khitan, mabingwa wa farasi na upinde. Mwishoni mwa mwaka 1004 majeshi yao yalikabiliana karibu na mji wa Chanyuan, na Januari 1005 wakapatana. Song ilikubali kutoa kila mwaka vipimo 100,000 vya fedha na majora 200,000 ya hariri, ili majeshi ya Liao yarudi kwao na mipaka iheshimiwe.

Hayo ni mambo ya wanahistoria. Mimi nilifundisha lugha, na kilichonivuta ni swali jingine: je, wafalme hao wawili wangeitanaje katika barua? Kila mmoja alijiita mwana wa mbingu, na mbingu ni moja. Mmoja akikubali kwamba mwenziwe ni sawa naye, amepunguza cheo chake. Akikataa, vita vinarudi. Jibu lao lingeeleweka katika boma lolote la Usukuma: waliamua kuwa ndugu. Zhenzong wa Song alimzidi umri Shengzong wa Liao kwa miaka michache, basi akawa kaka, na mwenziwe akawa mdogo wake. Mama yake Shengzong, malkia aliyekuwa amefuatana na jeshi hadi uwanja wa vita, akawa shangazi wa mfalme wa Song. Mmoja alipofariki na mwanawe kurithi kiti, undugu ulihesabiwa upya, ikawa barua zinatoka kwa baba mdogo kwenda kwa mtoto wa ndugu yake, au kinyume chake. Mabalozi walikwenda na kurudi kila Mwaka Mpya na kila siku ya kuzaliwa ya wafalme. Amani hiyo ilidumu zaidi ya miaka 100.

Msidhani ilikuwa amani ya kukumbatiana. Mwaka 1042 Liao ilidai ardhi, na mjumbe wa Song aliyeitwa Fu Bi akatumwa kwenda kuizuia kwa maneno. Walipatana kwamba ardhi isitolewe, bali fedha na hariri viongezwe 100,000 kila kimoja. Nyongeza ilikubalika, kilichobishaniwa ni kitenzi. Liao ilitaka iandikwe kwamba Song inavitoa vitu hivyo kwa namna mdogo anavyomtolea mkubwa wake. Fu Bi alikataa kitenzi hicho, na mwishowe kikatumika kingine chenye maana ya kukabidhi. Baadaye dola ya Jin ilipoiangusha Liao na kuisukuma Song kusini zaidi, hali ikawa ngumu kuliko hiyo. Kwa mkataba wa mwaka 1141 mfalme wa Song alilazimika kujiita mtumishi wa mfalme wa Jin. Ilichukua zaidi ya miaka 20, na vita vingine, hadi mwaka 1165 akapandishwa kutoka mtumishi kuwa mtoto wa ndugu, na malipo yakaacha kuitwa kodi ya utiifu. Watu walipigana, pamoja na mambo mengine, ili kubadilisha neno la kwanza la barua.

Sasa turudi pwani yetu.

Mwanzoni mwa karne ya 19 Mombasa ilikuwa chini ya ukoo wa Mazrui, na Lamu ilikuwa ikijitahidi kuwa huru na ubwana wa Pate. Mombasa na Pate zikashikana, na majeshi yao yakatua katika ufukwe wa Shela, kisiwani Lamu. Wanahistoria huviweka vita hivyo kati ya mwaka 1812 na 1814. Washairi wanavijua pia kwa jina la vita vya Kuduhu. Waamu walishinda. Mapokeo husema maji yalikuwa yamekupwa, vyombo vikakwama mchangani, na waliokuja kwa bahari wakakosa bahari ya kurudia.

Jambo linalotuhusu sisi ni kwamba vita hivyo vilipiganwa pia kwa mashairi. Mombasa alikuwako Muyaka bin Haji, ambaye wengi wetu tulimjua darasani kama mshairi wa mapenzi na wa mambo ya kila siku. Lamu alikuwako Zahidi Mngumi, kiongozi wa mji na mshairi kwa pamoja. Mashairi yalitoka upande mmoja yakajibiwa upande wa pili, mengine ya vitisho, mengine ya onyo, mengine ya dhihaka iliyofunikwa kwa fumbo. Kwamba tunayo leo ni kwa juhudi za watu kama Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyeshirikiana na mmisionari W. E. Taylor kuyakusanya mashairi ya Muyaka mwishoni mwa karne hiyo. William Hichens aliyachapisha mwaka 1940, Mohamed Abdulaziz akayachambua katika kitabu chake cha mwaka 1979, na mwaka 1995 Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff wakatoa kitabu kizima cha mashairi ya vita vya Kuduhu.

Nilipokuwa nikifundisha ushairi, wanafunzi waliniuliza kwa nini mtawala aliyekuwa na mizinga ajisumbue kupanga vina. Swali hilo ni zuri, na nimelifikiria kwa miaka. Jibu langu lina sehemu tatu.

Kwanza, barua ya kawaida husomwa na aliyeandikiwa, kisha hufungiwa sandukuni. Shairi halifungiki. Likishasomwa mbele ya watu, kesho linaimbwa bandarini na keshokutwa watoto wanalo. Aliyetuma shairi kwa mtawala alikuwa amewaandikia pia raia wake wote, na jibu lilipaswa kutolewa mbele ya raia haohao.

Pili, fumbo humlinda anayetuma na anayepokea. Ukimwambia mtu waziwazi kwamba utamvamia, umemfungia mlango wa kurudi nyuma. Ukimwambia kwa mfano wa chombo, wa mnyama au wa mti, umemwachia nafasi ya kusema hakuelewa. Nafasi hiyo ndiyo ubalozi wenyewe. Hutumiki kila mara, lakini usipokuwapo hakuna kinachobaki ila risasi.

Tatu, na hili naliona kubwa kuliko yote, anayejibu shairi hufuata vina na mizani ya aliyemtangulia. Mmombasa anaandika kwa Kimvita, Mwamu anajibu kwa Kiamu, lakini ili jibu liwe jibu lazima aingie katika nyumba ya mwenziwe na kutumia milango yake. Huwezi kumjibu mtu kwa vina vyake bila kumsikiliza kwa makini. Hasimu anayekujibu kwa vina vyako amekiri, hata kama anakutukana, kwamba ninyi wawili ni watu wa lugha moja.

Je, mashairi yalizuia vita? Hayakuzuia. Baada ya ushindi wake Lamu iliogopa kisasi, ikapeleka ujumbe Oman kumwomba Seyyid Said bin Sultan ulinzi. Alitoa ulinzi, akaleta gavana na askari, na Lamu ikawa yake. Mombasa nayo ikaangukia mikononi mwake mwaka 1837. Muyaka aliishi hadi kuyaona hayo. Alifariki karibu na mwaka 1840. Miji miwili iliyoshindana kwa vina iliishia chini ya mtawala mmoja kutoka ng'ambo. Siwezi basi kuwauzia hadithi kwamba maneno matamu huokoa miji. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho: miji ile imekwisha kama dola, mahasimu wote ni marehemu, na kilichosalia cha pande zote mbili, katika kitabu kimoja, ni walichoandikiana.

Pwani ilikuwa na barua za nathari pia, na za kale kuliko Muyaka. Katika nyaraka za Goa, India, zimehifadhiwa barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu zilizotoka Kilwa kati ya mwaka 1711 na 1728, nazo zinahesabiwa miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa ya lugha yetu yaliyosalia. Wareno walikuwa wamepoteza Ngome ya Yesu mwaka 1698, Waomani walikuwa wamepanda juu, na Kilwa ilikuwa katikati ikiangalia upepo. Miongoni mwa walioandika barua hizo ni wanawake wa jamaa ya kifalme, Mwana Nakisa na Mfalme Fatima. Nikiwa mwanamke niliyeshika chaki kwa miaka mingi, napenda kulitaja hilo kila ninapopata nafasi.

Waliozisoma barua za pwani za zamani, kama zile alizozichapisha C. G. Büttner mwaka 1892, wanajua kwamba salamu za mwanzo huweza kuwa ndefu kuliko ujumbe. Anayeandikiwa huitwa sheikh, mpendwa, mheshimiwa, mwenye kunasihi, kisha huombewa dua, ndipo inapofika “ama baada ya hayo”. Vijana huona ni maneno ya kujaza karatasi. La hasha. Msomaji wa zama hizo alihesabu sifa alizopewa safari hii na kuzilinganisha na zile za barua iliyopita. Sifa moja ikipungua, alijua kwamba upepo umegeuka kabla hajafika kwenye habari yenyewe.

Na huku kwetu ziwani? Msije mkadhani barua za dola ni mali ya watu wa maji ya chumvi. Stanley alifika Kageye, ufukweni si mbali na Kayenze, Februari 1875, na mwezi uliofuata akaondoka hapo kwa mashua kwenda kwa Kabaka Mutesa. Mutesa alikuwa na wasiwasi na Misri, ambayo kupitia kwa Gordon ilikuwa ikishuka kutoka kaskazini kuelekea nchi yake. Akawa anaandikiana na Gordon, na anawaandikia pia wamisionari wa Kiingereza, ambao kundi lao la kwanza lilifika Kageye mwaka 1877. Nani aliyeandika barua zake? Aliandika Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar, ambaye Stanley alimwacha kwa Mutesa. Kabaka alisema, kijana akaandika kwa Kiingereza alichojifunza shuleni, na barua zikavuka ziwa kuja upande wetu zikiwahimiza wageni wafike upesi.

Namfikiria mara nyingi kijana huyo. Mfalme hakujua kusoma alichokiandika. Kama angeweka neno la unyonge mahali pa neno la heshima, Buganda ingekuwa imepiga magoti bila kujua. Historia haimpi nafasi kubwa mwandishi wa barua. Humtaja pembeni, kama tarishi. Lakini yeye ndiye aliyechagua neno la kwanza.

Watu wa rika langu tumeliona neno hilo likichaguliwa vibaya pia. Mwaka 1972 Idi Amin alimpelekea Mwalimu Nyerere simu ya maandishi akimwambia kwamba anampenda, na kwamba kama angalikuwa mwanamke angalifikiria kumwoa. Dunia ilicheka. Kucheka hakukudumu: mwaka 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, na Machi 1979 Gaddafi, mshirika wake, alimpa Mwalimu saa 24 za kuyaondoa majeshi yetu Uganda. Mwalimu hakubadili msimamo. Ndege ya kivita ya Libya ikatumwa hadi Mwanza, na mabomu yake yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Dhihaka ya barua na bomu la ndege havikuwa vitu viwili mbalimbali. Mtu asiyeweza kumwita mwenziwe kwa heshima amekwisha kuamua jambo moja kuhusu uhai wake.

Na zama hizohizo tulikuwa na neno letu la kuitana. Katika miaka ya Ujamaa barua ya kiserikali iliandikwa “Ndugu”, kwa waziri na kwa mkulima. Leo “Mheshimiwa” imechukua kiti chake. Sisemi lipi ni bora. Nasema tu kwamba kila neno kati ya hayo lilikuja na mpangilio wake wa nani akae wapi.

Nimefika sasa kwenye jambo la kinyumbani.

Baba yetu alioa wake wawili. Mama yangu aliolewa kwanza, lakini alikaa miaka kadhaa bila mtoto. Mke wa pili akaja, na yeye ndiye aliyemzalia baba mtoto wa kiume wa kwanza. Mimi nilifuata mwaka uliofuata, kisha wadogo zangu wawili wa kiume. Kwa hiyo tangu utoto kulikuwa na mahesabu mawili ya ukubwa: kwa hesabu ya nyumba, sisi ni nyumba kubwa, kwa hesabu ya umri, mtoto wa mama mdogo ndiye mkubwa wetu sote. Baba alipokuwa hai hesabu hizo mbili zililala kitanda kimoja bila kupigana mateke. Mimi nilimwita kaka, na nilikuwa na sababu: msimu wa mvua alinivusha mgongoni kwenye kijito kila asubuhi nikienda shule, miaka miwili mfululizo. Yeye aliishia darasa la saba, akaingia ziwani; leo ana mitumbwi yake ya dagaa.

Shamba la baba liko upande wa Kayenze. Kati ya eneo la nyumba yetu na eneo la nyumba ya mama mdogo kuna ukanda wenye upana wa hatua kama 40, na katikati yake umesimama mwembe aliouotesha baba. Kwa miaka mingi hakuna aliyeuliza ukanda ule ni wa nani. Kisha bei ya ardhi ya ufukweni ikapanda, mnunuzi akaja na fedha taslimu, na kila nyumba ikakumbuka kwamba mwembe ni wake. Wadogo zangu na watoto wa upande wa pili wakaanza kurushiana maneno kwenye kundi la familia la simu, picha za vigingi zikitangulia na matusi yakifuata. Ilipotajwa habari ya kwenda baraza la ardhi, wadogo zangu walikuja kwangu. “Dada, wewe ni mwalimu. Tuandikie barua.”

Walikuwa wameshaandaa kichwa chake: Kwa Bwana fulani, jina lake kamili la shuleni, na chini yake, Yah: Kuvamia eneo la shamba la marehemu. Nikawaambia nitaandika, ila nitaanza na “Kaka”.

Hapo ndipo niliposikia ubishi ambao nilidhani umezikwa China. Mdogo wangu wa kwanza alisema: “Ukimwita kaka, umempa ukubwa. Na mkubwa ndiye hugawa. Barua hiyo ikisomwa barazani, ukanda umekwenda.” Hakuwa mjinga. Kwa desturi ya kwetu, mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa ana sauti yake, na sauti hiyo ni yeye. Neno langu la mapenzi lilikuwa linagharimu cheo chake, si changu. Mimi ni binti. Katika hesabu ya zamani sikuwa na cha kupoteza, na nilijua kwamba wema usiomgharimu mtu ni rahisi kuutoa.

Nilimjibu hivi: “Nimemwita kaka tangu nilipoanza kusema. Nikimwita Bwana leo, siku tunayogombea ardhi, hii haitakuwa tena barua ya mpaka. Itakuwa barua ya kumtoa katika ukoo. Mpaka tunaweza kuupima upya mwakani. Mtu aliyetolewa katika ukoo kwa maandishi hapimwi upya.”

Jioni tatu tulikaa na ukurasa mmoja. Mwishowe “Kaka” ilibaki, kwa sharti kwamba ndani ya barua nyumba zetu mbili zitajwe sawasawa, nyumba ya mama yetu na nyumba ya mama mdogo, bila kubwa wala ndogo, na kwamba iandikwe waziwazi kuwa kuitana kaka si kugawa shamba. Halafu tukaja kwenye kitenzi. Mdogo wangu wa pili alitaka “tunadai”. Mimi niliandika “tunaomba”, wakasema huko ni kupiga magoti. Tukakubaliana “tunapendekeza”. Tulipendekeza wazee wawili, mmoja wa kila upande, tukutane chini ya mwembe kabla mtu yeyote hajakwenda barazani, na kabla mnunuzi hajapewa jibu lolote.

Chini ya sahihi niliongeza ubeti mmoja. Wadogo zangu waliguna, lakini waliuacha:

Kaka nakuandikia, salamu zije nyumbani,
Mpaka wa familia, hauchorwi barazani,
Mwembe alotuachia, baba, u hai shambani,
Njoo tupate tulia, kivulini mwake chini.

Barua haikupita kwenye simu. Niliitia bahasha, na mtoto wa mdogo wangu akaipeleka kwa mkono, kwa bodaboda, akiwa ameagizwa amsalimie baba yake mkubwa kwa jina hilohilo, baba mkubwa, kabla ya kumpa.

Siku tisa zilipita kimya. Ya kumi ilikuja karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu za dagaa. Haikuwa na kichwa, haikuwa na Yah. Ilikuwa na mwandiko wa mtu asiyeandika mara kwa mara, na ilikuwa hivi:

Waraka umefikia, nimeusoma mwaloni,
“Kaka” ulilonambia, ni jina la utotoni,
Kivuli wanipatia, na maembe ni ya nani?
Nakuja, nitatulia, jibu likiwa mezani.

Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Nilihesabu mizani kwa vidole, kwa mazoea ya kusahihisha. Haikupelea hata moja. Huyu ni mtu ambaye hakuwahi kukaa katika darasa langu wala la mwalimu yeyote wa ushairi. Baadaye nilikumbuka alikojifunzia. Baba alikuwa mchezaji wa upande wa Bagalu, na kaka, akiwa mtoto wa kiume wa kwanza, ndiye aliyechukuliwa kwenda kwenye mashindano na Bagika, ambako kundi likiimba kundi jingine sharti lijibu, na jibu lisiloshika wimbo wa mwenziwe huzomewa na uwanja mzima. Alikuwa amenijibu kwa vina vyangu vyote viwili.

Wadogo zangu walikasirika kwa mshororo wa tatu. “Unaona? Anadai maembe.” Niliwaambia wausome tena. Kwa miaka yote baada ya kifo cha baba, maembe ya mti ule yalichumwa na nyumba yetu. Watoto wa upande wa pili walicheza chini yake, na walifukuzwa walipopanda juu. Sisi hatukuwahi kulisema hilo katika barua yetu, wala katika kundi la simu. Tulimpa kivuli, kwa maneno mazuri, na tukamkaribisha akae humo. Yeye kwa nusu mshororo akauliza swali lenyewe. Kama angeliuliza kwa matusi kwenye simu, tungemjibu kwa matusi. Aliliuliza kwa kina cha “-ni”, na ikabidi tukae kimya. Kisha mdogo wangu wa pili akacheka, akasema: “Huyu ni baba mtupu.”

Tulikutana chini ya mwembe Jumamosi iliyofuata, wazee wawili wakiwapo. Sitawachosha kwa yaliyosemwa; mengine yalikuwa makali. Mpaka haukupimwa siku ile. Kilichokubaliwa ni kwamba maembe yagawanywe nusu kwa nusu kila msimu, kwamba mnunuzi asijibiwe na nyumba moja peke yake, na kwamba kila mwaka, baada ya mavuno ya maembe, tukutane palepale kuhesabu. Mzee wa upande wao alisema utaratibu huo si hukumu, ni kuahirisha. Nilimwambia kuna watu walioahirisha hivyo kwa hariri na fedha, kila mwaka, wakaishi miaka 100 bila vita. Aliniuliza ni watu wa kijiji gani.

Msimu huu sehemu yao imekwisha kupelekwa, magunia manne. Mnunuzi bado anapiga simu. Mdogo wangu wa kwanza bado hasemi “kaka” anapozungumza nasi, lakini katika kundi la simu ameanza kuandika hivyo, na kwangu maandishi ni jambo kubwa.

Wasomaji wangu, wengi wenu mna ndugu msiosemezana nao, na simu mkononi. Sitatoa nasaha, mmezisikia za kutosha. Naweka tu mbele yenu beti hizi mbili, yangu na ya kaka. Mwenye jibu kwa vina hivyohivyo, uwanja uko wazi.

Wasalaam.